Mume wa Kupita Kiasi

Shemeji yangu ni fundi vioo. Nikisema fundi sina maana ya mtu anayekwenda kubandika kioo dirishani kwa misumari na sala. Nina maana ya mtu anayesimama mbele ya bamba la kioo refu kuliko yeye, akalitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa, akaweka rula, akachovya kikatio chake kwenye mafuta ya taa, kisha akavuta mstari mmoja tu kutoka juu hadi chini, bila kusita na bila kurudia. Anagonga kidogo kwa chini, tak, na kioo kinaachana chenyewe. Wenzake pale kiwandani wakikata kioo hushika pumzi. Yeye hupiga mluzi.

Mke wake ni dada yangu mkubwa, fundi cherehani, mwanamke mwenye mdomo. Dada anaweza kubana pini mdomoni, pini tele, na bado akagombana na mteja na akashinda. Sebule yao aliigeuza darasa la kushonea. Asubuhi unakuta wasichana wameinamia vyerehani, vitambaa vimetapakaa mpaka juu ya televisheni, na yeye katikati na tepu shingoni akipiga kelele: "Mshono huo umepinda kama njia ya ng'ombe! Fumua!" Wana watoto wawili wa kiume, mapacha, ambao wakati wa mambo haya walikuwa shule ya bweni, kwa hiyo mtaa mzima uliwaita Baba Pacha na Mama Pacha. Mimi niliishi nao chumba cha nyuma tangu nilipopata kazi ya mapokezi kwenye zahanati ya jirani. Ndoa yao nimeiona kwa karibu, kwa sababu ukuta wa chumba changu ulikuwa wa mbao.

Sasa huyu shemeji alikuwa na mambo yake. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, alikaa kwenye ukingo wa kitanda akamtungia dada uzi kwenye sindano zote za siku hiyo, maana macho ya dada yalikuwa yameanza kuchoka. Saa ya chakula wenzake walikula kantini ya kiwanda. Yeye alitoka mbio kwa miguu, jasho likimtoka, aje ale maharage yale yale na mkewe. Na mwaka dada alipoteguka kifundo cha mkono, shemeji alijifunza kusuka nywele. Alimkalisha uani kwenye kigoda, akamwosha kichwa, akamsuka mistari mitano iliyokwenda kila upande. Dada alitoka na kichwa kile mpaka sokoni, shingo juu, na aliyethubutu kucheka alijutia.

Bila shaka mtaa ulisema. Walisema amelishwa limbwata. Walisema amekaliwa. Pale kiwandani kulikuwa na rafiki yake mmoja, fundi wa mashine ya kusaga makali ya vioo, mtu wa maneno mengi, ambaye siku moja alimwuliza mbele ya watu, "Baba Pacha, hebu tuambie ukweli. Nyumbani kwako kichwa cha nyumba ni nani?"

Shemeji akajibu, "Kichwa ni mimi. Na msusi ni mimi."

Watu wakavunjika mbavu, yeye akarudi mezani kwake kukata kioo. Ndivyo alivyokuwa. Maneno ya watu yalimpita kama upepo unavyompita mtu aliyevaa koti.

Mpaka lilipokuja neno moja la Kiingereza.

Kiwandani walikuwa wameletewa meneja mpya kutoka makao makuu. Kijana wa makamo, suti safi, amesoma mbali. Hakuwa mtu mbaya. Alisalimia mpaka wafagizi, na mishahara ilikuwa inaingia kwa wakati. Tatizo lake lilikuwa moja tu: alipenda Kiingereza kizito. Mtu akichelewa, hakuambiwa amechelewa, aliambiwa neno ambalo alikwenda nalo nyumbani akiwa hajui kama amefukuzwa au amesifiwa.

Ijumaa moja shemeji alirudi jioni akakaa kwenye kiti cha mlangoni, hakuvua viatu. Mimi nilikuwa namenya viazi. Akaniita kwa sauti ya chini.

"Shem, wewe umesoma. Hivi, 'aksorias' ni nini?"

"Aksi nini?"

"Aksorias. Meneja ameniita hivyo leo kwenye kikao, mbele ya wageni wa makao makuu. Wageni wakacheka. Nikamwomba arudie, akasema ah, ni neno tu, tuendelee."

"Mlikuwa mnaongea nini?"

"Mambo ya kazi tu," akasema, akaanza kufungua kamba za viatu.

Mimi Kiingereza changu ni cha mapokezi: jina lako nani, unaumwa wapi, kaa pale usubiri. Neno hilo sikuwahi kulisikia. Nikamwuliza wenzake wamesemaje. Akasema kila mtu na lake. Dereva alidai ni kitu cha gari, kinahusiana na ekseli. Mtunza stoo, ambaye huumwa kila wiki, alisema anafikiri ni ugonjwa wa kifua. Fundi wa makali alitingisha kichwa tu kama mtu anayejua jambo zito.

Nikachukua simu, nikaifungua pale pa kutafutia, nikaisogeza mdomoni nikatamka polepole: "Aksorias." Simu ikafikiri. Halafu ikatuletea picha: hereni za dhahabu, mikoba ya kike, bangili, miwani ya jua.

Dada alikuwa amesimama nyuma yetu na mwiko mkononi.

"Hereni za nani hizo?"

"Za maana ya neno," shemeji akasema.

"Neno gani lina hereni?"

Tukamweleza, akacheka, akasema labda meneja anamwona mumewe ni pambo la kiwanda. Tukala, tukalala. Jambo lingeishia hapo.

Lakini Jumamosi asubuhi mke wa yule fundi wa makali alikuja kuchukua gauni lake. Alijaribu gauni, akalisifu, akajigeuza mbele ya kioo, kisha akamshika dada mkono kwa huruma ile ambayo watu huibeba wanapokuwa na habari nzuri ya kusimulia.

"Pole, Mama Pacha. Mimi ningekuwa wewe nisingejua pa kuanzia."

"Kuanzia nini?"

"Mume wangu amesikia kwa masikio yake. Meneja alilisema neno kwa Kiingereza. Wanasema hilo ni neno la mwanamume mwenye nyumba ndogo. Na wageni walicheka, dada yangu. Watu wazima hawacheki bure."

Dada alimfungia gauni kwenye gazeti, akampa, akamwambia asante kwa kuja. Mimi nilikuwa pembeni, nikaona anavyokunja lile gazeti, taratibu, pembe kwa pembe. Dada akiwa na hasira ya kawaida hupiga kelele, na kelele zake hazina madhara. Akinyamaza, kaa mbali.

Mchana shemeji alipokuja, alikuta chakula kimefunikwa mezani na sahani moja. Wasichana wa kushona waliinamisha vichwa zaidi kuliko cherehani inavyohitaji.

"Mke wangu, sahani yako?"

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini?"

"Hereni."

Shemeji akanitazama. Nikatazama dari. Ikabidi dada aseme yote aliyoyasikia, na alipomaliza sauti ilikuwa imekwaruza. Nilitegemea shemeji aape, aite majina ya watu, apige meza. Hakufanya hata moja. Alifunika chakula chake vile vile kilivyokuwa, akanawa mikono, akachukua shati safi.

"Maana ya neno hilo siijui," akasema. "Ila najua si hiyo, kwa sababu mimi mwenyewe nipo na nyumba hiyo siijui. Vaa viatu, tukaulize."

"Tukamwulize nani?"

"Maktaba ya mji. Jumamosi iko wazi. Shem, na wewe twende, wewe ndiye mwenye Kiingereza."

Tukatoka watatu. Dada alitangulia, mkoba kwapani, kama mtu anayekwenda kudai haki yake. Shemeji alimfuata nyuma kidogo, hakujaribu kumshika mkono, lakini kwenye kila njia panda alisogea upande wa magari.

Maktaba yetu ni jengo la chini lenye meza ndefu na feni inayolia. Mkutubi ni mama mmoja mnene, mpole, miwani yake huning'inia kwa mnyororo. Nilimjua, huja zahanati kwa ajili ya presha. Tukamweleza shida yetu. Akavaa miwani, akasema hata yeye kwa kulisikia hivyo halijui, tulitafute. Akaleta kamusi kubwa ya Kiingereza ambayo aliibeba kwa mikono miwili kama mtoto. Tukaingia kwenye herufi A. Tukapita maneno ya shoka, ya ekseli, ya mhimili wa dunia. Dereva alikuwa na sababu zake, kumbe. Aksorias hayupo. Tukajaribu O. Hayupo. Tukajaribu E.

Mkutubi akafunga kamusi kidogo, kidole kikiwa ndani.

"Tuache herufi," akasema. "Kiingereza kinaandika hivi kinasoma vile, tutazeeka hapa. Neno likikushinda kwa sura, lifuate kwa mahali lilipotumika. Baba, hebu niambie, mlikuwa mnazungumza nini meneja alipolisema?"

"Mambo ya kazi," shemeji akasema.

"Mambo gani ya kazi?"

Mtu huyu nimemwona akibeba kioo cha dirisha la duka zima juu ya ngazi, na uso wake haukubadilika. Sasa ulibadilika.

"Ilikuwa kuhusu tawi jipya," akasema. "Wanafungua kiwanda kingine, mji mwingine, mwendo wa kutwa kwa basi. Walinitaka niende niwe msimamizi mkuu. Na nyumba wangenipa. Nikakataa. Meneja akaniuliza sababu mbele ya wageni. Nikamwambia mke wangu ana darasa lake hapa, ana wateja wake hapa, siwezi kumng'oa. Ndipo akawageukia wageni akasema hilo neno."

Dada aligeuka polepole akamtazama. Sisi wawili tulikuwa tunasikia habari za cheo hicho kwa mara ya kwanza.

Lakini mkutubi alikuwa ameshatabasamu. Alifungua kamusi karibu na mwisho, kwenye U, ukurasa ambao bila shaka haujaguswa tangu jengo lifunguliwe, akashusha kidole.

"Huyu hapa. Anaanza na U. Anafuata X."

Mimi X naijua kwenye hesabu na kwenye picha za mifupa. Nikasogea. Liliandikwa hivi: *uxorious*. Mkutubi akasoma kwanza kimya, halafu akatutafsiria, neno moja moja, kwa sauti ya maktaba.

"Husemwa juu ya mume. Mume ampendaye mkewe kupita kiasi, au anayemnyenyekea mno."

Feni ikalia.

"Limetoka Kilatini," mkutubi akaendelea, maana alikuwa ameshanogewa. "Huko neno la mke ni *uxor*. Ndiyo maana lina mpaka wake. Mwanamume anayempenda mchumba wake hivyo, huwezi kumwita hili. Anayempenda mwanamke wa pembeni, pia huwezi. Lazima awe mke, na mke wake mwenyewe."

"Rudia hapo pa mwanamke wa pembeni," shemeji akasema.

Mkutubi akarudia. Shemeji akamtazama dada kwa uso mkavu, uso wa mtu aliyeshinda kesi lakini anajua hakimu bado ana jambo.

"Ni sifa au ni tusi?" nikauliza.

"Hapo sasa," mkutubi akasema, akavua miwani. "Kwenye vitabu vya zamani hulitumia kumcheka mtu. Mfalme kaacha vita kamsikiliza mkewe, wanambandika neno hili. Siku hizi halitumiki sana, na anayelitumia mara nyingi anatania, lakini utani wenye mwiba ndani. Wanaosifu wana maneno mengine: mume mwema, mume mwenye mapenzi. Hili lina 'mno' ndani yake. Ukilitoa hilo 'mno', neno lenyewe linakufa."

"Na mwanamke?" dada akauliza. Ilikuwa mara ya kwanza kufungua mdomo. "Mwanamke anayempenda mumewe kupita kiasi, Waingereza wanamwitaje?"

Mkutubi akafikiri. Akasema lipo moja aliwahi kuliona mahali, lakini hajawahi kumsikia binadamu akilitumia, na kwenye kamusi hii halimo.

"Halimo kwa sababu hawakuona ajabu," dada akasema. "Sisi tukipenda mpaka tukapitiliza, wanaita kuolewa."

Mkutubi alicheka mpaka mnyororo wa miwani ukatikisika, na mzee mmoja aliyekuwa akisoma gazeti kwenye meza ya mbali akatunyamazisha.

Nilidhani sasa tumekwisha. Neno limepatikana, nyumba ndogo imebomoka, turudi tukale. Lakini tulipotoka nje dada alikaa kwenye ngazi za maktaba, juani, akaweka mkoba mapajani.

"Kaa," akamwambia mumewe.

Akakaa. Mimi nilijifanya kusoma tangazo la mlangoni, tangazo la saa za kufungua, nikalisoma mpaka nikalijua kwa moyo.

"Walikupa lini hicho cheo?"

"Jumatatu."

"Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Umelala na mimi kitanda kimoja."

"Nilikuwa nakufikiria wewe."

"Najua ulikuwa unanifikiria. Ndiyo shida yenyewe. Ulinifikiria wewe mwenyewe, ukajijibu wewe mwenyewe. Mimi nilisema lini sitaki kuhama?"



"Darasa lako," shemeji akasema.

"Darasa langu liko sebuleni, juu ya televisheni! Wasichana wanamaliza mwezi ujao, mtu akitaka kufua pazia lazima aombe ruhusa ya vyerehani. Mimi kila siku nasema natamani chumba kikubwa, chenye mwanga, nitoke kwenye mtaa huu ambao kila mtu anajua nimepika nini. Hujanisikia?"

"Nilikusikia. Nilidhani unalalamika tu."

"Nilikuwa nalalamika. Mtu analalamikia anachokitaka." Akapangusa uso kwa ncha ya kitenge. "Unanisuka, unanitungia sindano, sijawahi kuona ni mno, na anayeona ni mno akakae kwake. Lakini hapa, mume wangu, hapa ulipitiliza. Ulinipenda mpaka ukanisahau."

Nilisikia hiyo nikaacha kusoma tangazo. Shemeji aliinama, viwiko magotini, akiangalia vidole vyake vyenye makovu madogo madogo ya kioo. Hakujitetea. Akasema, "Basi nikuulize sasa. Unataka twende?"

"Sijui," dada akasema. "Sijaona huo mji. Lakini ndivyo mtu anavyoulizwa. Sasa naweza kufikiri."

Akafikiri mpaka Jumapili jioni, na akafikiri kwa sauti, kwa hiyo na mimi nikafikiri naye nikitaka nisitake. Nani atamalizia magauni yaliyokwisha lipiwa. Mapacha wakifunga shule watafikia wapi. Mimi nitabaki na nani. Mwisho akasema anataka. Halafu akasema Jumatatu watakwenda wote wawili kumwona meneja, kwa sababu neno lililosemwa lilimhusu yeye na hakuna aliyemwalika.

Ya ofisini sikuyaona kwa macho. Dada amenisimulia mara nyingi, kila mara na chumvi kidogo zaidi, lakini shemeji akiwapo huipunguza, kwa hiyo hapa nawapa ile iliyochujwa.

Meneja aliwakaribisha viti. Dada akakaa, akamtazama moja kwa moja.

"Mwanangu," akasema, ingawa hawakupishana miaka mingi, "wewe ndiye uliyesema mume wangu ananipenda kupita kiasi?"

Yule kijana, nasikia, alibadilika rangi. Akaanza kusema alikuwa anatania, kwamba Kiingereza kina maneno ambayo ukiyatafsiri yanatoka vibaya.

"Yametoka vizuri," dada akasema. "Tumeyatafuta maktaba. Nimekuja kukwambia hukukosea. Ila ulilisema kwa watu wasiotujua, wakacheka, na kicheko kile kimetembea mpaka kimefika kwangu kikiwa na nyumba ndogo. Siku nyingine ukiwa na la kusema juu ya ndoa yangu, niite, nicheke na mimi."

Meneja akaomba radhi. Aliomba kwa Kiswahili chepesi kabisa, na akamwomba shemeji pia, akimwita kwa jina lake na la baba yake. Kisha akachezea kalamu. Akasema mke wake na watoto wako mji mwingine, amehamishwa kila mara na kila mara amekubali, anawaona mwisho wa mwezi wakipata nafasi. "Nilipokusikia unakataa," akamwambia shemeji, "nilikasirika, na sikujua kwa nini. Mimi sijawahi kukataa hata mara moja. Sikujua kama inawezekana."

Hapo, shemeji anasema, dada alitaka kumpikia.

Lakini cheo kilikuwa kimekwenda. Makao makuu walikuwa wameshapata msimamizi kutoka nje, mkataba umesainiwa Jumamosi ile ile sisi tukiwa kwenye herufi A. Meneja alisema kwa masikitiko ya kweli. Shemeji akauliza swali moja: je, huko kuna mtu wa kukata?

"Kukata hakuna. Wamepata vijana watatu hawajawahi kushika kikatio."

"Nitakwenda kuwa fundi mkuu. Usimamizi abaki nao huyo mwenye mkataba. Mimi nipe meza na vijana."

"Nyumba haimo kwenye nafasi hiyo."

"Tutapanga," dada akasema, akasimama.

Wakaenda. Wasichana wa kushona walipomaliza, vyerehani vilifungwa kwenye magodoro vikapakiwa lori la kiwanda pamoja na vioo, na dada akakaa mbele na dereva, mkono mmoja nje ya dirisha, akimwelekeza njia ambayo yeye mwenyewe alikuwa haijui. Fundi wa makali alikuja kuaga. Alimkumbatia shemeji akamwita Aksorias, jina ambalo pale kiwandani lilikuwa limemganda, na mkewe akaleta kikapu cha mayai, hakusema mengi.

Siwaambii kwamba yote yalinyooka. Yule msimamizi mpya alikuwa mtu wa mahesabu, kioo alikijua kwenye karatasi, na miezi ya mwanzo walivutana na shemeji juu ya kila agizo. Siku za mwanzo dada hakuwa na mteja hata mmoja, akawa anashona mapazia ya nyumba yao wenyewe, akiyamaliza anayafumua anaanza upya. Cheo hakikurudi hata msimamizi yule alipoondoka. Wakaletewa mwingine. Shemeji ukimwuliza anasema meza yake ya kukatia iko karibu na dirisha, na vijana wake wawili sasa wanakata bila kushika pumzi. Wa tatu, anasema, huyo aende akauze nguo.

Kitu kimoja tu kilibadilika kwa shemeji, na dada hukilalamikia sana. Sasa anauliza. Anauliza avae shati gani, akubali kazi ya benki au ya shule, asimamishe ngazi upande huu au ule. Jioni moja nilipokuwa huko kwa likizo, alimwuliza mkewe anaonaje, afunge dirisha au aliache wazi. Dada akamtupia mto.

"Funga unapotaka! Mimi nilisema uniulize ya kuhama, sikusema uniulize ya mbu!"

Yeye akafunga nusu.

Dada alipata chumba chake. Kilikuwa ghala la magunia, mbele ya barabara, na shemeji alikibomoa ukuta wa mbele akaweka kioo kitupu kutoka sakafuni hadi darini, mabamba matatu aliyoyakata mwenyewe. Mara ya mwisho nilipokwenda kuwatembelea nilimkuta dada amezungukwa na bibi harusi, mama wa bibi harusi na shangazi wawili, wote wanasema kwa pamoja. Hakunisalimia hata. Alinipa boksi la vifungo vya lulu, akaninong'oneza kwamba gauni linatakiwa kesho asubuhi na mgongo wote bado haujafungwa. Nikavua viatu, nikakaa chini kwenye mwanga, nikaanza na kifungo cha chini kabisa.